Verni Nyekundu kwenye Pompi ya Mazutu

Mimi sikusoma sana. Darasa la tatu kwa masista, halafu nikaolewa. Anayetafuta maneno ya kupendeza, hapa hatayapata. Ninaandika juu ya chupa moja ya verni ya kucha, na namna nilivyomfukuzisha shemeji yangu bila kufungua mdomo.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Kindu, si mbali na gare ya treni. Alifanya kazi chini ya mabati pembeni ya nyumba yetu, pamoja na mdogo wake. Huyo mdogo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mwenye bibi na watoto kule Lokandu. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko ya mume wangu. Watu walijua, na mume wangu alijua. Ndiyo maana hakupenda kusikia.

Siku moja mfanyabiashara wa Butembo, mwenye duka sokoni, akaleta gari lake la mazutu, yaani dizeli, la zamani sana. Pompi yake ilikuwa inavuja. Alitaka kupeleka chumvi na sabuni Kampene kabla mvua haijaharibu barabara.

Kwa kuwa niliishi na mafundi, nilijua jambo hili: gari la mazutu linaenda kwa saa ya pompi. Pompi ikisukuma mazutu mapema, injini inagonga kama mwanamke anatwanga sombe ya majani ya muhogo. Ikichelewa, inatoa moshi mweupe na haina nguvu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pompi, fundi anaweka alama, mstari mmoja, nusu kwenye pompi, nusu kwenye injini. Akiirudisha, anazikutanisha zile nusu mbili, basi. Lakini gari lile mafundi wengi walikuwa wamelipitia, kila mmoja na mkwaruzo wake. Mistari mitano, na wa kweli haujulikani. Shemeji akataka rangi. Mume wangu akamwambia, «Chukua ile verni ya bibi yangu, iko dirishani.»

Hawakuniuliza. Na verni ile nilikuwa nimeiweka kwa siku yangu. Gavana alikuwa anakuja, na sisi wanawake wa kartye, wa mtaa wetu, tulipaswa kumchezea, sare mwilini, mstari wa mbele. Dada yangu alinitumia chupa ile toka Kisangani. Hakuna mwenzangu aliyekuwa nayo.

Jumamosi, wanaume walipokwenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kukata majani ya barabara, nikaikuta chupa juu ya meza ya kazi, imepakaa grisi. Nikaona mstari mwekundu kwenye pompi iliyokwisha kutolewa, na mwingine kwenye injini. Damu ikanipanda. Chuma cha watu kimepakwa verni yangu! Nikaleta kisu cha jikoni, nikaikwangua yote miwili, kama mtu anatoa magamba ya samaki. Nikakipangusa kisu kwa jani, nikaendelea na kazi zangu. Sikufikiri kwamba ninaharibu kazi. Nilifikiri ninachukua kilicho changu.

Walirudi na njaa. Shemeji akachukua kisu akate nanasi, akaona wekundu pale chuma kinapoingia kwenye mti wa mpini.

«Eh, shemeji! Hata kisu yako njo inapaka verni? Nayo inaenda kumuchezea gavana?»

«Inakushinda uzuri,» nikamjibu. Wote tukacheka.

Baada ya chakula wakaenda kurudisha pompi. Nikasikia sauti ya mume wangu.

«Alama iko wapi?»

«Niliiweka, kaka. Nyekundu, hapa na hapa.»

«Mimi naona hewa tu. Uliiweka na macho?»

Shemeji akageuka, akaniangalia. Nilikuwa mlangoni na mchi mkononi, sombe kwenye kinu. Alikuwa amekikumbuka kile kisu. Alikuwa ameelewa. Aliningojea niseme. Mimi nikainua mchi nikatwanga.

Akamgeukia kaka yake. «Pengine mazutu iliifuta. Nilipaka vibaya. Unihurumie asubuhi moja tu, nitaitafuta saa yake kwa tone: nafungua bomba ya kwanza, nazungusha injini polepole, pale mazutu inaanza kupanda, njo pale.»

Mume wangu hakutaka kufundishwa. Akafunga pompi kwa kukisia. Jumatatu mwenye gari akaja, injini ikawashwa, ikagonga mpaka majirani wakatoka.

«Sitwayeni fundi,» akasema yule wa Butembo, maana wakati ule kila raia aliitwa sitwayeni, «nilikuletea gari, sikukuletea kinu.»

Watu wakacheka. Mume wangu, aibu ilipomjaa, akaimwaga yote juu ya mdogo wake mbele yao: mvivu, kipofu, fundi wa kufungua makopo. «Rudia Lokandu, uvue samaki! Pale hawaombe alama.»

Shemeji alikusanya funguo zake ndani ya mfuko wa unga. Akaja jikoni kuniaga. «Ubaki muzuri, shemeji.» Nikampa kwanga tatu, mikate ya muhogo, za njia. Mdomo wangu ulijua kutoa kwanga. Neno, haukulitoa.

Mume wangu alihangaika siku nne, akisukuma pompi huku na huku na kusikiliza. Gari likaenda Kampene na moshi wake, wala mwenyewe hakurudi tena kwetu. Shemeji naye hakukaa Lokandu. Nilisikia alikwenda Kampene kuchimba dhahabu. Mikono ile, kuchimba mchanga.

Mume wangu alipokufa, shemeji alikuja matangani, mvi kichwani. Siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa ukoo akasema kama desturi, «Mwenye neno na marehemu, aliseme leo, lisibaki nyumbani.» Shemeji akaniangalia, vilevile kama siku ya kinu. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

«Mimi sina neno na kaka yangu,» akasema.

Hakusema hana neno nami. Hiyo ilikuwa mara ya pili ya kunyamaza kwangu, na mara hiyo hasira sikuwa nayo ya kujitetea.

Sasa mjukuu wangu anaenda Kampene, ambako shemeji bado anakaa. Atambebea karatasi hizi. Nimemwagiza asizisome pembeni. Azisome mahali watu wamekaa wengi, kwa sauti, kwa sababu shemeji alitukanwa mbele ya watu. Shemeji, alama uliiweka vizuri. Niliikwangua mimi.

Na hili nalo alisome. Siku ya gavana nilipangusa chupa ile, nikaitikisa. Verni iliyobaki ilitosha kucha zote kumi. Nikapaka, nikaenda kucheza.