Mfalme Aliyemfungia Ndugu Yake Mlango

Ngumi ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa ya binamu yangu, ikaletwa usoni kwangu kwa makosa, kama kifurushi kinachoachwa kwa jirani. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni pale Erdington, kituo cha mtaani kwetu, begi la shule mgongoni, mdomo umejaa chipsi, Alhamisi ya kawaida kabisa. Chipsi ndizo zilizotangulia kuruka. Kisha damu. Walikuwa watatu, wakubwa kuliko mimi, na mmoja wao hakuwa na meno mawili ya mbele, na hapo hapo nikajua kwa nini napigwa.

"Siyo mimi!" nikasema. "Mnayemtaka ni binamu yangu!"

"Uso ndio huu huu," akasema yule kibogoyo, akaupiga tena ili ahakikishe.

Nilipoanguka wakatumia miguu. Kuna sauti ubavu unaitoa ukipigwa teke, kama zulia linalopigwa kutolewa vumbi, na cha ajabu ni kwamba unaisikia kabla hujasikia maumivu. Mama mmoja mwenye mbwa alipiga kelele, mbwa naye akabweka, wakaondoka taratibu, bila hata haraka. Kibogoyo akageuka.

"Hatujamaliza."

Habari ya uso lazima niieleze. Binamu yangu ni mtoto wa shangazi, dada wa pekee wa baba. Tumepishana miezi michache tu, tukatoka na kichwa kile kile: paji pana kama sinia na masikio ya kuongozea ndege. Bibi, aliyewazaa baba na shangazi, na ambaye anakaa kwetu, anatuita sahani na kawa. Tofauti ni kwamba mimi nikichokozwa najibu kwa mzaha, yeye anajibu kwa chochote kilichopo mkononi. Wiki ile kilichokuwepo mkononi kilikuwa chupa ya maji, ya chuma, imejaa. Kibogoyo, wakati huo bado ana meno yake yote, alimpokonya simu nyuma ya kituo cha mabasi ya safari, Digbeth, katikati ya mji. Binamu akamfuata, akamgonga nayo mdomoni, akaokota simu, akaenda zake. Mtu akarekodi. Video ikazunguka hadi shuleni kwetu, na mimi, ambaye sikuwepo wala sikujua, nikapongezwa kwenye foleni ya chakula. Nikapokea pongezi. Haya, nikapokea na ngumi.

Baba hakumpongeza mtu. Mwaka uliopita, kwa ugomvi mwingine wa binamu huyo huyo, jiwe lilipita dirishani kwetu likatua juu ya mto wa mdogo wangu wa kike. Mto ulikuwa bado na joto la kichwa chake. Alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji. Siku ile baba alimwambia binamu asikanyage tena nyumbani kwetu, na alipolisema hilo sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo maana tuliamini. Mjomba kumkataza mlango mtoto wa dada yake! Bibi aligoma kula. Yaani aligoma mezani; jikoni alikula akiwa amesimama, vyungu vinasikika.

Ijumaa nikaenda shule na mdomo kama skonzi. Kipindi cha pili ni historia. Mwalimu wetu ni mama mpole anayefundisha mauaji kwa sauti ya kubembelezea watoto wachanga. Siku hiyo akaonyesha ukutani picha ya wanaume wawili waliosimama bega kwa bega: ndevu moja, mkao mmoja, macho yale yale ya mbwa aliyenyeshewa.

"Nani atanieleza hawa ni nani?"

"Ni yeye na binamu yake," mmoja akadakia nyuma, akininyooshea kidole, darasa likaanguka kwa kicheko. Nikainama kama mfalme. Mbavu zikanikumbusha Alhamisi.

"Hujakosea sana," akasema mwalimu. "Ni binamu. Huyu ni mfalme wa hapa, huyu ni mfalme wa Urusi. Mama zao ni dada wa damu."

Akaendelea kutuchorea ukoo wao. Kumbe Ulaya nzima ilikuwa harusi moja ndefu. Malkia mmoja wa hapa alizaa watoto tisa akawaoza kila penye kiti cha enzi, mpaka vita vikuu vya kwanza vinaanza, mfalme wa hapa, mfalme wa Ujerumani na mke wa mfalme wa Urusi wote ni wajukuu wa bibi huyo mmoja. Walicheza pamoja wakiwa wadogo. Walivishana sare za majeshi yao kwenye karamu. Halafu wakarushiana mizinga. Au niseme, walirusha watoto wa watu. Mtoto wa fundi chuma wa mji huu alitobolewa tumbo kwenye matope na mtoto wa fundi chuma wa Ujerumani, utumbo wa huyu ukalala juu ya buti la yule, ili mabinamu wamalize ugomvi wao. Sisi tunapopigana mimi na binamu, angalau tunapigana wenyewe.

Kisha akafika kwa yule Mrusi. Watu wake walimpindua, wakamfungia yeye na familia. Serikali ya hapa ikakubali kumpokea. Binamu yake, mfalme wa hapa, akaanza kuogopa: watu wana njaa, wamechoka na vita, wakimwona anamkaribisha mfalme aliyechukiwa, si watamgeukia na yeye? Mwaliko ukarudishwa mfukoni. Mwaka uliofuata walishushwa chumba cha chini ya nyumba, baba, mama, mabinti wanne na mvulana mgonjwa, wakaambiwa wajipange. Risasi zilianza. Mabinti walikuwa wameshona vito ndani ya nguo zao, basi risasi zikawa zinateleza, haziingii wala hawafi. Wakamaliziwa kwa visu vya bunduki, sakafuni, mmoja mmoja.

Bomba la joto likawa linagonga ukutani.

"Kwani mfalme wa hapa hakuwa na hata sofa?" nikauliza.

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Alikuwa na majumba," akasema. "Alichokosa ni ujasiri wa kufungua moja."

Jioni Bibi alinikanda mdomo kwa barafu huku akinibana kidevu, kwa sababu tiba ya Bibi nayo ni kipigo. Nikamsimulia yote ili asinibane sana. Anawapenda sana wale wafalme wa kwenye televisheni, anajua nani kamuoa nani, na kila harusi yao anaikosoa mapishi ambayo hajawahi kuyaonja.

"Ngoja," akasema. "Mama zao ni dada?"

"Ndiyo, Bibi."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi hao si binamu! Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu hao, kaka na kaka. Hao Wazungu hawajui hata kuhesabu udugu." Akatupa barafu kwenye sinki, ikapasuka. "Mfalme gani wa kumfungia ndugu yake mlango? Ndiyo maana mvua ya nchi hii haikatiki."

Alisema kwa sauti ya kufika sebuleni. Baba alikuwa sebuleni. Akaongeza sauti ya mpira.

Jumamosi alasiri mama alikuwa sokoni, mdogo wangu juu chumbani, Bibi amesimama kwenye mswala sebuleni akiswali. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Mlango wetu una kengele nzuri ya umeme ambayo hakuna Mswahili anayeiamini. Tundu la barua likafunguka, na vidole viwili vikaingia.

"Hodi."

Baba alikuwa amefika ukumbini kabla yangu. Akasimama mbele ya komeo.

"Nenda kwa mama yako," akasema.

"Mama yuko zamu, Mjomba. Hospitali, kule Harborne. Na wale watatu wamenipiga mlangoni kwetu. Nimeruka ukuta wa nyuma." Alikuwa anahema. "Simu wameivunja. Nifungulie, Mjomba."

"Nawapigia polisi. Kaa kwenye kituo cha basi, kwenye watu."

Akapiga kweli. Nilimsikia akitaja mtaa wetu. Nikachungulia pembeni ya pazia: binamu amelowa, nyusi imepasuka, damu na mvua vinamshuka pamoja hadi kwenye kola. Nikaona na kitu kingine. Kwenye kona ya mtaa, watatu, hawakimbii. Mmoja kavuta kofia ya jaketi. Kibogoyo ana nyundo, ameishika chini, pembeni ya paja, kama mtu aendaye kazini.

"Baba, wanakuja."

"Ndiyo maana sifungui," akasema. "Mdogo wako yuko juu. Unataka waingie na hiyo nyundo?"

Nikatazama ngazi za kwenda juu.

"Hodi," akasema binamu, mara ya pili.

Sebuleni Bibi alikuwa ameinama kwenye rukuu. Akainuka kwa "Samiallahu liman hamidah!" ambayo jirani wa tatu aliisikia. Mtu akiwa kwenye swala haongei, lakini kila mtoto aliyelelewa na bibi anajua kwamba takbira moja inaweza kuwa na maana ya maziwa yanachemka, ama acha kumpiga mdogo wako, ama nikimaliza hapa utanijua.

"Allahu Akbaaar!" akaenda sijida. Sakafu ilitetemeka.

Nikapiga magoti kwenye tundu la barua. Jicho la binamu lilikuwa upande wa pili, jekundu.

"Sema wewe ni mbaya wa sura kuliko mimi," nikamwambia.

"Pumbavu, sura ni moja!"

"Basi sema."

"Mimi ni mbaya kuliko wewe, chura mkubwa, fungua!"

Nikalishika komeo. Mkono wa baba ukanishika kifundo cha mkono, ukabana mpaka mfupa ukalalamika. Tulibaki hivyo. Tulifundishwa wote na Bibi, kwa makofi, kwamba hodi ni tatu: usipoitikiwa ya tatu, unageuka unakwenda, hata kama unawaona watu ndani. Binamu alikuwa amebakiwa na moja. Nilisikia viatu vya wale watatu kwenye changarawe ya jirani.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Halafu vidole vyake vikatoka kwenye tundu. Alikuwa anageuka.

Baba hakufungua. Ila mkono wake uliniachia.

Nikavuta komeo, nikamkamata binamu kwenye kofia ya jaketi, nikamwingiza kinyumenyume kama mfuko wa mchele. Tukaanguka wote. Baba alikuwa anausukuma mlango ufungike ndipo buti likaingia kati. Kioo cha juu kikapasuka, nyundo ikapita ndani, ikarudi, ikapita tena, na mara ya pili ikakuta vidole vya baba kwenye ukingo wa mlango. Nilisikia vikivunjika. Vilivunjika kama njugu. Baba hakulia, alimtukana mtu tusi la Kiswahili ambalo sikujua kwamba analijua, akaendelea kusukuma kwa bega. Binamu akaliuma lile buti. Wallahi, aliliuma, kisha akapanda na meno hadi kwenye mguu wenyewe, na mwenye mguu akapiga mayowe, na teke moja likampasua binamu mdomo, mahali pale pale walipokuwa wamenipasua mimi.

Nikakimbilia jikoni. Kisu sikukigusa, nilichokibeba ni mbuzi ya nazi ya Bibi. Nikarudi nimeinyanyua juu, ule ulimi wake wa meno ukiwa mbele, nikaipitisha kwenye mwanya wa mlango. Ikanasa mkono wa jaketi la kibogoyo, ikaupasua bega hadi kiwiko. Manyoya meupe yakajaa ukumbini. Alitazama kile kitu kwa hofu ya kweli. Nadhani angeona kisu asingeogopa, kisu anakijua. Hiki kilikuwa kiti chenye jino.

King'ora kikasikika barabara kuu. Buti likachomoka. Mlango ukafungika.

Sebuleni Bibi akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Akainuka, akaja ukumbini, akakanyaga vioo kwa kandambili zake, akampiga binamu kofi la kulia, akanipiga mimi la kushoto.

"Mimi kwa nini, Bibi?"

"Umechelewa."

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono ameukumbatia, vidole viwili vimekwenda pande ambazo vidole haviendi. Alijua zamu yake inakuja, akafumba macho. Bibi alimsogelea. Kisha akavua kanga ya kichwani, akaufunga nayo ule mkono, akakaza fundo kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, na baba akatoa sauti. Juu ya ngazi mdogo wangu alikuwa amesimama na mto wake kifuani.

Askari aliyeingia alikuwa mwanamke, mrefu, kofia inachuruzika maji. Alitazama damu, manyoya, mbuzi ya nazi. Akatutazama mimi na binamu tulivyokaa sakafuni, midomo miwili iliyovimba upande mmoja.

"Hawa wote wawili ni wa hapa?" akamuuliza baba. "Mapacha?"

Baba alimtazama binamu. Binamu alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri kama alivyosubiri kwenye mvua.

"Wa hapa," akasema baba. "Bibi yao mmoja."

Nikamkanyaga binamu mguu. Akanirudishia.