Riwaya Moja kwa Mtaa Mzima

Bi Mwatum binti Makungu alikuwa na imani moja ambayo majirani zake wa Kikwajuni waliiona ni wazimu mdogo. Aliamini kwamba hakuna binadamu asiyependa kusoma. Yupo tu aliyepewa kitabu kisichokuwa chake.

Kabla ya kuolewa alikuwa akisomesha skuli ya wasichana. Mumewe alipofariki hakurudi skuli, lakini chama cha maendeleo cha mtaa kilipofungua chumba cha vitabu, ufunguo alikabidhiwa yeye. Mwanzo watu walisema. Mwanamke akae mlangoni, wanaume wakipita mbele yake? Walisema mpaka wakachoka, maana Bi Mwatum alikaa na buibui lake, uso mkavu, sauti ya kimwalimu, na aliyepiga kelele mle ndani alitolewa hata angekuwa nani.

Chama kilimpa kazi ya kutunza vitabu. Kazi ya kuvichagulia watu alijipa mwenyewe. Mtu akiingia akasema, "Nipe kitabu chochote," alimkasirikia.

"Ukenda sokoni Darajani unasema nipe samaki yeyote?"

"La."

"Basi kaa hapo uniambie kwanza. Kipi kilikuliza mwisho? Kipi kilikuchekesha?"

Wengi walicheka, wakachukua gazeti, wakenda zao. Miaka ile siasa ilikuwa imepamba moto, uchaguzi wa mwanzo ulikuwa unakaribia, na watu walikuja kusoma magazeti ili wapate la kugombania kwenye kahawa. Wachache walikaa wakajibu. Kwa wachache hao Bi Mwatum angejitoa roho, lau angekuwa na cha kuwapa.

Taabu ilikuwa kwenye makabati. Yalikuwa mawili, na Mzee Msabah, mwenyekiti wa chama, karani mstaafu mwenye bakora na miwani ya duara, alikuwa ameyabandika majina kwa mkono wake: la watoto na la watu wazima. La watoto lilijaa sungura na fisi, na watoto wakaidi walioliwa na mazimwi. La watu wazima lilikuwa na vitabu vya dini, vya afya ya mama na mwana, vya ufugaji wa kuku, na vitabu vinene vya Kizungu ambavyo hakuna aliyevifungua. Riwaya za Kiswahili, zile hadithi ndefu zinazomchukua mtu akasahau chungu jikoni, ungezibeba zote kwa mkono mmoja.

Siku moja akaingia Mkubwa, hamali wa bandarini Malindi, mtu wa kifua kipana aliyekwisha kuota mvi. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, na wiki iliyopita Bi Mwatum alimpa kitabu chepesi cha kuanzia. Mkubwa akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Bi Mwatum, nimekusudia kukuuliza jambo, usinichukie."

"Sema."

"Mimi nimekaa darasani na magoti yangu haya yanauma, nikapigwa vijembe na wenzangu, nikajifunza herufi moja moja. Nimejifunza ili niambiwe sungura kamdanganya fisi? Haya n'nayajua tangu sijaota meno! Nimekisoma pale ghalani, wenzangu wamecheka mpaka wamekaa chini."

Bi Mwatum akaona haya. Alimpa kitabu kile kwa sababu maneno yake yalikuwa mepesi. Hakufikiri kwamba mtu aliyezika wazazi wake na kulea watoto wake hawezi kulishwa uji kwa sababu tu meno yake ya kusomea ni mapya. Alichohitaji Mkubwa ni maneno mepesi na mambo mazito, na kitabu cha namna hiyo hakikuwamo kwenye kabati lolote.

Akasimama, akafungua kabati la watu wazima, akatoa riwaya yenye jalada la kijani. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyerudi kwao baada ya miaka mingi akakuta kaka yake ameiuza nyumba ya mama yao, naye akampeleka kaka yake kwa kadhi.

"Hiki ni kigumu," alimwambia. "Mlango wa kwanza tutausoma pamoja, hapa hapa. Ukishaingia ndani, utajisukuma mwenyewe."

Wakasoma kwa sauti ya chini. Mkubwa alifuata mistari kwa kidole kizito, akikwama, akirudi, jasho likimtoka kuliko siku ya kupakua meli. Walipofika pale yule mwanamke anapobisha hodi nyumbani kwao akafunguliwa mlango na mgeni, Mkubwa aliinua kichwa.

"Na huyo kaka yake yuko wapi?"

"Kisome."

Akaondoka nacho, amekifunga kwenye kitambaa.

Kwenye meza ya pili alikuwa amekaa Mashavu, msichana wa skuli, ambaye kwa muda wote ule kitabu chake kilikuwa wazi ukurasa ule ule. Naye alikuwa akisikiliza.

"Bi Mwatum, kile nami nakitaka."

"Kile ni cha kabati la watu wazima."

"Vya kabati letu nshavimaliza vyote, vyengine mara tatu. Watoto wa humo hawafikiri kitu, Bi Mwatum. Wanaambiwa tu."

Bi Mwatum akalitazama lile kabati la watoto. Angeweza kumwahidi kimya kimya kwamba Mkubwa akimaliza atampa, na mambo yakapita. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu hamfundishi mtoto kunyemelea. Akamwambia atamwombea ruhusa kwa mwenyekiti. Kwa kuomba ruhusa hiyo alijichongea mwenyewe.

Mzee Msabah alimsikiliza barazani kwake, mikono juu ya bakora.

"Kitabu chenyewe kinasema nini?"

Bi Mwatum akamweleza kwa ufupi.

"Mwanamke anamshitaki kaka yake wa tumbo moja! Na wewe unataka kumpa mtoto wa watu?"

"Kaka ndiye aliyeuza nyumba isiyokuwa yake, Mzee."

"Bi Mwatum, mimi sikuulizi nani mwenye haki. N'nakuuliza kimefikaje kabatini bila ya mimi kukijua. Kilete nikichunguze. Mpaka nitakapotoa uamuzi, asipewe mdogo wala mkubwa."

"Kiko kwa msomaji, yuko katikati."

"Basi kamchukulie."

Akenda mwenyewe Malindi baada ya adhuhuri. Alidhani atamkuta Mkubwa na gunia begani. Akamkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, mahamali wenzake wamemzunguka, wale wale waliomcheka, vumbi la karafuu limewajaa mpaka kwenye nyusi. Mkubwa alikuwa akiwasomea kwa sauti. Alisoma polepole mno, na alipokwama kwenye neno wao walilikisia, wakabishana, wakamwachia aendelee. Walikuwa wamefika asubuhi ya kesi. Dada na kaka wamekaa mbele ya kadhi, hawatazamani.

Bi Mwatum alisimama akasubiri afike mwisho wa ukurasa. Kisha akasema alichokijia.

Mkubwa akakifuta kitabu kwa kitambaa, akampa.

"Nimekosa nini, Bi Mwatum? Nimekichafua?"

"Hukukosa kitu. Kinatakiwa na chama."

"Basi niambie tu, kadhi kahukumu vipi?"

"Sikwambii, Mkubwa. Kitarudi, utasoma mwenyewe."

Mmoja wao, Mcha, mtu mrefu mwenye mdomo, akadakia. "Bibi, yeye ndiye msomaji. Sisi tunasikia tu tangu mwanzo. Basi sisi tuambie!"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na hasira. Bi Mwatum akarudi Kikwajuni kwa miguu, kitabu ndani ya buibui, anajiona kama mtu aliyewanyang'anya watu sahani na tonge liko mkononi.

Wiki ikapita, na nyingine. Alipomwuliza Mzee Msabah, jibu lilikuwa moja: "Bado nakichunguza." Masika ikanyesha ikaisha. Mkubwa alipita mara kwa mara akichungulia mlangoni, Bi Mwatum akitikisa kichwa, naye akenda zake. Mashavu aliacha kuuliza, kisha akaacha kuja.

Siku moja, kwenye hitima ya jirani, Bi Mwatum alikaa karibu na Bi Kidawa, mke wa Mzee Msabah, mwanamke mnene mcheshi asiyejua kuficha la moyoni.

"Mwanangu," Bi Kidawa akamnong'oneza, "kile kitabu chako kitatuvunjia nyumba."

"Kwa nini, Bi Kidawa?"

"Mzee ananisomea kila siku baada ya alasiri. Jana kamtukana yule kaka mtu mpaka kahawa ikammwagikia kwenye kanzu. Mimi namwambia na yule dada naye ana moyo mgumu. Tumenuniana mpaka magharibi."

"Hamjakimaliza?"

"Tulikimaliza zamani. Sasa tumerudia mwanzo."

Bi Mwatum akaurudisha sahanini mkate wake wa kumimina. Hakungoja hata dua imalizike vizuri. Akatoka mpaka barazani kwa Mzee Msabah, na safari hii hakukaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Mwatum. Karibu kitako."

"Sikai. Nimekuja kuuliza, uchunguzi unahitaji kitabu kusomwa mara ngapi?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Nimekiona kina maana," alisema mwishowe. "Lakini kinataka mtu aliyekomaa akili."

"Mkubwa ni mtu mzima, ana wajukuu. Akili yake haijakomaa?"

"Mahamali wanaweza kukichukulia vibaya."

"Wewe umekichukuliaje? Nimesikia mpaka kahawa imemwagika."

Maneno yakamtoka kabla hajayapima, na alijua Bi Kidawa atayalipia. Mzee Msabah akajiinua kwa bakora. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu, jalada limeanza kulegea kwa kufunguliwa. Hukumu yake ikawa hii: kitasomwa na watu wazima tu, ndani ya chumba, hakitoki mlangoni.

"Chumba kinafungwa alasiri, Mzee. Hamali anamaliza kazi jioni."

"Hayo ndiyo masharti."

Akamvutavuta mpaka akamkubalia kufungua Ijumaa baada ya sala. Alipofika nyumbani hakujua afurahi au alie. Kwa Mashavu mlango bado ulikuwa umefungwa, lakini alikwisha kuamua: atamkalisha nyuma ya kabati, asome pale pale, na atakayeuliza atamjibu yeye mwenyewe. Akenda kwao kumwambia. Mama yake Mashavu akamkaribisha vizuri.

"Mashavu hayupo, Bi Mwatum. Hukusikia? Tumemwoza. Yuko Kizimkazi kwa mumewe."

"Na skuli?"

"Skuli imemtosha."

Bi Mwatum akatoa mkono wa pongezi, akanywa chai aliyopewa, akatoka. Njiani alikuwa akisema peke yake, na watu walimpisha.

Ijumaa Mkubwa akaja, amekoga, amevaa kanzu. Alikuja Ijumaa baada ya Ijumaa. Mcha na wenziwe walikuja mara moja, lakini kusoma kwa sauti kubwa mle ndani hakukuruhusiwa, wakakaa wakatazamana, hawakurudi tena. Mkubwa akasoma peke yake, midomo ikicheza bila sauti, mpaka siku alipokifunga.

"Mwisho wake haukunipendeza," alisema. "Mtu kashinda kesi, kapewa nyumba ya mama yake, kisha anafunga mlango na kwenda zake? Kwani aligombania nini?"

"Aligombania haki. Hakutaka kulala kwenye nyumba iliyomkosesha ndugu."

"Angelala! Mimi ningelala!"

Wakabishana mpaka kivuli kikafika mlangoni, na katika mwaka ule mzima hiyo ndiyo saa pekee ambayo Bi Mwatum hakuwa na kinyongo na mtu. Kisha Mkubwa akanyoosha mkono.

"Haya, nipe kingine kama hiki."

Bi Mwatum akatazama kabati. Zile nyengine chache zilikuwa za wafalme wa mbali na majini, na Mkubwa alikwisha kuzigusa akazirudisha.

"Sina."

"Huna, au umekatazwa?"

"Sina, Mkubwa. Havijaandikwa."

Mkubwa alimwangalia kama anayemsikia mtu akisema bahari imekwisha. "Watu wote hawa, na mambo yote haya yanayotupata, hayajaandikwa?" Akatikisa kichwa, akavaa viatu, akatoka. Ijumaa iliyofuata hakuja.

Bi Mwatum alikaa peke yake na chumba kitupu, magazeti yamezagaa mezani. Asubuhi yake alikitia kile kitabu ndani ya buibui, masharti ya Mzee Msabah yakabaki kabatini, akapanda gari la shamba mpaka Kizimkazi. Alimkuta Mashavu uani kwa mkwewe anakuna nazi, amekonda, mikono imeshaanza kuwa ya mtu mzima.

"Kitabu cha nini hicho?" mkwe mtu akauliza, naye hajui kusoma.

"Cha mambo ya ndugu na nyumba," Bi Mwatum akajibu.

"Hayo ni mazuri kuyajua. Mpe."

Mashavu akafuta mikono kwa kanga, akakipokea, akakishika tu bila ya kukifungua. Hakucheka, hakushukuru. Bi Mwatum alipokwisha kuaga na kufika uchochoroni aligeuka, akamwona amekaa juu ya mbuzi ya nazi, kitabu magotini, kidole kwenye mstari wa kwanza, na mkwewe anamwita mara ya pili hasikii.

Jumatatu Mzee Msabah aliingia chumbani, akalifungua kabati, akapapasa.

"Kile cha kijani kiko wapi? Bi Kidawa anataka nimsomee tena pale mbele ya kadhi."

"Kimeazimwa," alisema Bi Mwatum, akaendelea kukunja magazeti.