Sharti la Maruquel

Maruquel Pittí alizaliwa Chiriquí, kwenye baridi ya milima ya kahawa, lakini utu uzima wake wote ameumalizia Jiji la Panama, akinunua vitu asivyovitumia kwa ajili ya watu asiowajua. Ndoo, blanketi, maturubai, sabuni. Shirika la kimataifa lililomwajiri lina ghala karibu na mfereji, na kimbunga kikipiga Honduras au Haiti, vitu vyake ndivyo vinavyopakiwa kwanza. Ni kazi isiyo na shukrani. Vikifika, anayepigiwa makofi ni rubani. Visipofika, anayeitwa kujieleza ni ofisa ununuzi.

Mwenyewe hakuwa na makuu. Alikuwa na donda moja tu moyoni, nalo ni plastiki. Mwaka mmoja alipelekwa kuona kambi ya waliokimbia mafuriko, akakuta sabuni aliyoinunua imekwisha zamani na karatasi zake za plastiki zimeziba mitaro yote. Maji yametuama, mbu wanazaliana, watoto wana homa. Alirudi na aibu ambayo hakumwambia mtu, na tangu siku hiyo akawa anatafuta sabuni nyingine.

Aliipata kwenye maonyesho ya wakulima. Fulvia Ceballos, mama wa pwani ya Colón, mnene, mwenye mdomo, alikuwa akiongoza ushirika wa wanawake wanaopika sabuni ya mafuta ya nazi na kuipanga kwenye makasha ya karatasi. Alimwita Maruquel “Licen,” kama Wapanama wanavyomwita kila aliyewahi kuvaa joho la chuo.

“Licen, hiyo sabuni yenu mnaitoa wapi?”

“Mbali. Inakuja na meli kutoka Asia.”

“Na nazi zetu zinaoza hapa mlangoni kwenu. Haya, wasomi mnajua wenyewe.”

Maruquel alicheka, lakini neno lilimwingia. Zabuni za shirika zilikuwa na kanuni moja: aliyetimiza masharti kwa bei ya chini ndiye mshindi. Kwa hiyo njia ilikuwa kuongeza sharti la mazingira. Akamwandama mkuu wake, Bwana Brunner, Mswisi mpole anayeogopa wakaguzi kuliko nyoka. Brunner akawaandikia makao makuu, Ulaya. Makao makuu wakaunda kamati. Kamati ikataka kujua neno “mazingira” lina maana gani. Maruquel akaeleza. Kamati ikabadilishwa wajumbe, wapya nao wakauliza lilelile.

Mwishowe akachoka, na kuchoka ndiko kulikomponza. Aliacha maneno yake mwenyewe, akatafuta sharti ambalo makao makuu walishalipitisha zamani walipokuwa wakinunua magari: mzabuni alete cheti cha usimamizi wa mazingira kutoka taasisi ya kimataifa inayotambulika. Akalinakili lilivyo. Kamati ikalipitisha bila swali, maana katika ofisi kubwa jambo lililokwisha kusemwa halibishaniwi. Kwa furaha akampigia simu Fulvia, akamwambia wajiandae. Wanawake wakajenga banda la kukaushia sabuni, na wengine wakawaita binti zao waliokuwa vibarua wa kufua majumbani mjini warudi, kazi ipo.

Zabuni zilipofunguliwa, ya ushirika iliwekwa kando kabla hata bei yake haijasomwa. Cheti hakuna. Wanaokitoa hutoka ng'ambo, na gharama ya kuwaleta ingetosha kununua ushirika mzima pamoja na minazi yake. Aliyeshinda ni mwagizaji mkubwa mwenye cheti cha rangi nne na sabuni ileile ya Asia, kila mche ndani ya plastiki yake. Plastiki nayo ilitakiwa na maelezo ya bidhaa yaliyoambatana na zabuni, ya enzi na enzi, ambayo hakuna aliyekumbuka kuyagusa. Maruquel alikuwa ameutazama mlango mmoja tu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Akaenda kwa Brunner.

“Tuifute tuitangaze upya, bila cheti.”

“Uondoe sharti la mazingira ili mama unayemfahamu ashinde? Wakaguzi watatula nyama, Maruquel.”

“Lakini tunanunua plastiki.”

“Najua. Na fedha zisipotumika kabla ya mwaka kufungwa, zinarudi Ulaya. Kimbunga kikija, utawapa watu nini, msimamo?” Kisha akalegeza sauti. “Makao makuu wamefurahi sana. Wanasema hii ni zabuni ya kwanza ya kijani katika kanda yetu. Wametuma pongezi, kwa jina lako.”

Brunner hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kuadhibiwa kwa kufanya kama jana.

Fulvia alikuja mjini mwenyewe. Wakakaa kwenye mgahawa wa nyuma ya ofisi, mbele ya supu ya kuku na viazi vikuu. Maruquel akamweleza yote, taratibu, Fulvia akinywa supu yake bila kumkatiza.

“Kwa hiyo tumeshindwa kwa karatasi,” Fulvia alisema. “Sabuni yenyewe mliinusa?”

“Hatukufika huko.”

“Na hilo sharti kalitunga nani? Niambie ni hao Wazungu wenu, niwatukane nikiwa na raha zangu.”

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa, na Fulvia mwenyewe ndiye aliyeifungua. Maruquel aliitamani, asiseme uongo mtu. Mwagizaji, kamati, makao makuu, yeyote kati yao angeibeba lawama asijue.

“Ni mimi, Mama Fulvia. Nililiweka kwa ajili yenu.”

Fulvia alikiweka kijiko chini. Hakupandisha sauti.

“Wale wasichana wameshaacha kazi zao, Licen.”

“Najua.”

“Basi tufanyie hisani moja. Mwakani usitusaidie.”

Akamalizia supu, maana chakula hakina kosa, akaenda zake kituoni. Maruquel alirudi ofisini, ambako mkataba wa mshindi ulikuwa ukimngoja. Akausoma mpaka mwisho, na sharti lake likiwemo, akautia saini.