Sponji Mwambani

Godoro la mjukuu wangu likilowa, harufu yake hunirudisha kwenye mwamba wa nyuma ya nyumba yetu, kando ya ziwa.

Baba alikuwa amebandua sakafu ya boti aliyokuwa akivushia wagonjwa kwenda misheni. Mbao zilikuwa zimeoza, na sponji lililojazwa chini yake ili boti isizame lilikuwa limekunywa maji likawa zito kama jiwe. Mama alilikata vipande vyembamba, akavianika mwambani pembeni ya michembe, viazi vikavu vya kutulisha hadi mavuno.

Siku ya nne, baba akiwa ameenda kutafuta mbao, mvua ikatokea ziwani ghafla. Nikakimbilia michembe.

"Acha hiyo!" mama akapiga kelele. "Shika sponji!"

"Mayu, tutakula nini?"

"Shika sponji, mwanangu."

Tulirundika vipande vyote juu ya kitanda chao. Baba aliporudi alivigusa kimoja kimoja, vikavu. Kisha akaiona michembe ikielea kwenye mashimo ya mwamba.

Tuliianika upya, lakini ilishashika ukungu. Ilinuka godoro bichi, na kila jioni baba aliomba aongezewe.