Jezi yangu imecheza, mimi nimebaki kifua wazi

Jamani, naandika hapa nikiwa kifua wazi na sielewi imekuwaje.

Leo jioni nimekwenda kuangalia timu yetu ya kikapu. Msimu huu mwenye timu anabana matumizi, kanunua jezi tano tu. Anayetoka anaivua, anayeingia anaivaa hivyo hivyo, imelowa jasho.

Sawa, tumeshazoea.

Sasa leo namba saba wetu kamaliza faulo zake zote, katolewa. Akavua, mwenzake akavaa, akaingia.

Refa akapuliza filimbi. "Namba saba, si nimekutoa wewe?"

"Mimi siyo yeye!"

"Namba ni ileile. Toka!"

Tukabaki wanne uwanjani!

Hasira zikanipanda. Nikamfuata mwenye timu nimpe ukweli wake mbele za watu. Ila ni mtu mzima, ikabidi nianze na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, macho yote kifuani kwangu. Nilikuwa nimevaa jezi ya timu ya msimu uliopita, niliyonunua mwenyewe. Namba kumi na moja.

"Hebu ivue."

Na mimi nikaivua! Kwa nini? Sijui!

Mchezaji kaingia nayo, kafunga, tumeshinda. Nimeshangilia mpaka sauti imekauka. Kugeuka, namkuta mzee anakunja jezi anatia kwenye mfuko, na yangu imo.

"Asante sana, mwanangu. Sasa tunazo sita."

Nikamjibu, "Haya, mzee."

Niko njiani narudi nyumbani Mkonze, na huu upepo wa baridi wa huku mnaujua.

Hivi nyie, leo nimeshinda au nimeibiwa?