Mkufu Uliotoka Kwenye Mchi wa Mama

Saa tatu asubuhi, na humu ndani hakuna ruhusa ya kupiga chafya.

Mwanamke anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Vijiti ameketi kwenye kigoda. Goti limekandamiza kipande cha mti, na mkononi ana spoku ya baiskeli iliyonolewa ikawa kali kama sindano. Anakwangua. Anapuliza vumbi. Anakwangua tena.

"Ukinisemesha sasa hivi nitakujibu vibaya," anasema bila kuinua macho, "na wewe ni mgeni wangu."

Basi tunabaki kutazama.

Mbele yake, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, umelala mkufu wa pete ishirini na tisa. Pete zimeingiliana kama za mnyororo wa chuma, lakini ni za mti. Hakuna gundi. Hakuna pete iliyokatwa ikafungwa tena. Zote zimechongwa ndani ya mti mmoja zikiwa zimeshikana tayari, kisha zikaachanishwa kwa ncha ya spoku. Mwandishi wa makala haya aliuzungusha mkufu huo vidoleni kwa dakika kumi nzima akitafuta mahali palipofanyika ujanja. Hapakuwapo. Jamani, hapakuwapo!

Imebaki kulabu ya kufungia shingoni, ambayo bado imeshikana na kile kipande kilicho chini ya goti. Ikivunjika, mkufu hauvaliki, na mti wa kuchonga nyingine haupo. Mti wenyewe ni mchi wa mama yake mzazi, na mama yake anakuja leo saa tano kuuona.

Kabla ya kuwa Mama Vijiti, alikuwa mfagiaji. Kwa miaka kumi na moja alifagia karakana ya fanicha iliyo upande wa pili wa ukuta huu. Kila jioni alikusanya vipande vilivyoanguka chini ya msumeno, na kila jioni vilimtia huruma.

"Nilikuwa navitupa huku roho inauma. Mti umekua miaka arobaini, halafu mimi nautupa kwa dakika moja?"

Akaanza kubeba vipande nyumbani. Alichonga hereni kwa kisu cha jikoni. Pea ya kwanza alimpa jirani, na moja ilikuwa nzito kuliko mwenzake. "Sikio la kushoto lilitaka kushuka peke yake," anasema, akicheka hadi anajishika mbavu.

Kisha ikaja aibu ya bangili. Alichonga bangili nzuri kutoka kwenye mti mbichi, akamuuzia muuza nguo wa mtaa wa pili. Mti ukakauka mkononi, ukajikunja ukawa na umbo la yai, ukamkaba yule mama wa watu. Aliletwa karakana mkono juu, na fundi akaikata bangili kwa msumeno huku mwenye mkono akilia.

"Tangu siku hiyo simwamini mti mpaka umekauka. Vipande vingine nimevilaza chini ya kitanda mwaka wa tatu huu. Mume wangu analalamika kwamba tumelala juu ya msitu."

Hata hivyo mumewe, ambaye hutengeneza baiskeli uani, ndiye anayemletea spoku chakavu. Patasi Mama Vijiti amejitengenezea mwenyewe kwa misumari ya inchi sita, akiiponda juu ya jiwe mpaka ikalala bapa. Rafuni pana kazi za vyombo hivyo: kichwa cha mzee anayetaka kupiga mwayo, mwanamke aliyeinama na ufagio, sikio kubwa la mtoto. Ukimtazama yule mwenye ufagio, unaona kabisa kwamba kiuno kinamuuma.

Wazo la mkufu lilimjia getini. Kila jioni alifunga geti la karakana kwa mnyororo, na siku moja akajiuliza, kama chuma kinaweza, mti unashindwaje? Alijaribu kwanza kwenye miche ya sabuni. Alikata, akakosea, akakata.

"Makosa yangu yote niliyafulia nguo. Nyumba yetu haijawahi kuwa safi vile."

Fundi mwenye karakana amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Mimi nina vyeti viwili ukutani," anasema kwa sauti ya chini. "Nilijaribu hicho kitu mwezi mzima, mlango nimeufunga nisichekwe. Sikupata hata pete mbili."

Anayekataa kustaajabu ni mama mtu. Binti alipoacha ufagio miaka miwili iliyopita ili achonge tu, mama alisusa. Hajawahi kukanyaga chumba hiki. "Umeacha mshahara ukacheze na vijiti," alimwambia. Kweli, wiki njema huuzwa pea kumi na mbili za hereni. Wiki mbaya hakiuzwi hata kimoja cha vijiti hivyo.

Lakini mti mkavu kuliko yote, ulioshiba mafuta ya viganja, ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa mama. Bega lilikuwa limemwangusha, hatwangi tena. Binti aliuomba mchi ule mwaka mzima. Mwishowe akapewa, na maneno juu yake: "Mchi huu umelisha watoto saba. Ukiuvunja, usinirudie hapa na machozi."

Akauvunja. Upande wa kwanza ulimpasukia kwenye pete ya kumi na tisa. Ni miezi miwili sasa, na bado hajamwambia mama yake.

"Fundi akaja kunifariji, eti kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia, baba, koleo linanunuliwa. Mchi wa mama yangu unauzwa duka gani?"

Ukabaki upande wa pili, ambao ndio mkufu huu. Katikati, pale mikono ya mama ilipokamata hadi pakang'aa na kuingia ndani kidogo, ameapa hapagusi mpaka apate kazi inayopastahili.

Saa nne na nusu, spoku inatoboa upande wa pili. Kulabu inaachia mti ikiwa nzima. Mama Vijiti anafumba macho, anaweka spoku chini, na ndipo tunasikia kwamba fundi naye alikuwa amezuia pumzi.

Saa tano, mama yake anafika na fimbo. Haangalii rafu. Anaupokea mkufu, anaukagua pete kwa pete. Kisha anaukamata huku na huku kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

"Mama!" binti anapiga kelele.

Mkufu haukukatika.

"Mchi wangu haujawahi kuniangusha," mama anasema, na anainamisha shingo avalishwe. Mwanamke huyu hajawahi kuvaa kito maishani. Anausikiliza ukilia kifuani, halafu anauliza kwa upole: "Mchi una ncha mbili. Ya pili iko wapi?"

Binti anaenda kabatini. Anarudi na kitambaa, anakifungua. Pete kumi na nane na moja iliyopasuka.

"Nilikuvunjia, Mama. Niliogopa kukwambia."

Mama anazigusa kwa kidole, moja moja. "Watu wote wanasema hukufundishwa na mtu," anasema. "Kumbe ulijifunzia kwenye mchi wangu."

Fundi alitoka nje kutazama kitu ambacho hakikuwapo.

Kimebaki kile kipande cha katikati. Mama Vijiti anasema sasa anajua la kukifanyia: anataka kukichonga mkono, mkono uleule ulioking'arisha, ukiwa umekamata. Ila hawezi kuuchonga kwa kumbukumbu. Anahitaji ukae mbele yake, miezi, pengine mwaka.

Mama anautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichosahau kukidai.

"Kesho nitakuja mapema," anasema. "Lakini nitafutie kiti. Hicho kigoda chako hakikaliki."