Kiko Nilichokishindilia

Juzi sokoni Shinyanga muuza tumbaku alikuwa akimfundisha kijana kujaza kiko cha udongo, kile cha bei rahisi. "Chini legeza, juu kaza kidogo. Ukishindilia hakivutiki." Harufu ya tumbaku ile ikanirudisha utotoni, uani kwa bibi.

Mchana mmoja nilimjazia mimi kiko chake, nikashindilia kwa dole gumba kwa nguvu zangu zote. Bibi akavuta, moto ukazimika. Akainamia mafiga kutafuta kaa jingine, akapuliza mpaka moshi ukamfanya macho kuwa mekundu.

Ndipo wakaingia wanaume watatu kutoka msibani kwa jirani aliyefiwa na mtoto. "Tazameni hayo macho!" mmoja akafoka. "Mchawi ndiye huyu!" Marungu yakamshukia. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kiko kikasagika chini ya katambuga za tairi za mmoja wao.

"Ni mimi niliyeshindilia!" nilipiga kelele. Hakuna aliyegeuka. Bibi hakuinuka tena.

Leo najua walikuja wameshaamua. Hata hivyo, pale sokoni nilimshika kijana mkono. "Usishindilie, mwanangu."

"Sawa mama," alisema, "lakini niachie, unaniumiza."